Bonde Nyuma ya Meli

Bandarini walimwita Bwana Hewa, naye hakukataa, maana watu wenye tai shingoni walishawahi kumwita mabaya zaidi ya hayo. Kazi yake ilikuwa kupanda meli zilizofunga gatini, kulinganisha barometa ya meli na ile ya ofisi aliyoibeba ndani ya sanduku la mbao, na kukusanya madaftari ambamo maafisa wa meli huandika hali ya hewa kila baada ya saa sita, liwe jua, iwe tufani. Shule aliiachia darasa la tano. Hesabu za nukta alifundishwa na mkewe, fundi cherehani, kwa utepe wa kupimia nguo: sentimita moja, mume wangu, ina vijistari kumi, kimoja kikikuponyoka hapa, gauni halikai mabegani. Kwa utepe ule alielewa yale ambayo walimu walishindwa kumwingiza kwa fimbo.

Ajabu yake ni kwamba hakuwahi kusafiri baharini hata siku moja. Meli alizopanda hazihesabiki, na zote zilikuwa zimefungwa kamba. Mkewe alimtania, baharia wa gatini, mwanamume asiyelowa. Lakini jioni alikuwa akipitisha madaftari nyumbani, kinyume cha utaratibu, akamsomea safu ya mwisho, ile ya maelezo, ambamo afisa aliyechoka na namba huandika chochote kilichomjia. Ukungu mzito, hatuoni pua ya meli. Ndege mmoja mweupe amelala juu ya boti la kuokolea. Bahari imetulia kama mafuta, mawingu ni pamba iliyochambuliwa. Cherehani ilipunguza mwendo, kisha ikanyamaza kabisa, na wawili hao wakawa wamekwishafika huko, kwenye maji yasiyo na jina, bila kutoka katika chumba chenye dirisha moja.

Mkewe alikuwa na miaka mitatu kaburini sasa. Tangu siku ile hakufungua daftari lolote. Aliyabeba kutoka melini hadi ofisini kama mtu anayebeba matofali.

Na ungemuuliza ni nini kilichomuua mkewe, asingekutajia ugonjwa. Angekutajia wakubwa. Asubuhi ya siku hiyo alimkuta Mkuu wa Kitengo kwenye varanda ya ofisi, akamwomba ruhusa aende hospitali, hali ya mkewe ilikuwa mbaya. Mkuu hakusimama hata kidogo. Alimwambia, huku akitembea, kwamba kuna meli kubwa inaondoka saa tisa, akaimalize kwanza ile halafu aende anakotaka. Akaimaliza. Alipofika hospitali saa kumi, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka safi, na shuka lile lilikuwa na mikunjo minne iliyonyooka, kama karatasi. Tangu hapo Mkuu akimsalimia, yeye hujibu kwa kichwa.

Jumatatu moja aliitwa kwenye chumba cha kompyuta. Mhakiki, binti aliyesoma hadi vyuo vikamchoka, alikuwa amefungua ramani ya bahari kwenye kioo. Kazi ya binti huyu ilikuwa kupokea vipimo vinavyotumwa na meli na kuvichuja. Meli ikidai ipo katikati ya jangwa, anaitoa. Ikidai bahari inachemka, anaitoa. Ikisema hewa ni nzito au nyepesi kuliko meli za jirani zinavyosema, anaishika na kuiangalia vizuri.

“Njoo uone kitu, mzee wangu,” alisema. “Hii meli inatembea na shimo lake.”

Bwana Hewa alisogeza kiti. Juu ya bahari ya rangi ya maziwa palikuwa na mstari wa samawati, mwembamba, uliopinda kwenye rasi, ukavuka bahari nzima, ukazunguka visiwa, ukarudi. Binti alimweleza kwamba kila nukta ya samawati ni mahali ambapo meli hiyo ilisema hewa ni nyepesi kuliko walivyosema wengine wote. Miaka mitatu. Vipimo elfu nne na mia tatu na kitu. Popote ilipokwenda, hewa ilibonyea chini yake kama godoro chini ya mtu aliyelala, kisha ikainuka ilipopita.

Aliutazama mstari ule mpaka macho yakaanza kumdanganya. Ulikuwa kama bonde. Alijiona anashuka humo kwa miguu, kuta za hewa huku na huku, maji yamekauka, hakuna upepo. Akataka kukaa humo.

Binti alikuwa bado anasema. Kilichomkera ni kwamba kosa haliyumbi. Barometa mbovu huyumba, leo hivi, kesho vile. Hii ilipungua milibari moja nukta mbili, leo, kesho, mwakani. Na kosa lisiloyumba lina dawa. “Nikijua limetoka wapi na limeanza lini, naviongezea vyote moja nukta mbili, vinapona. Nisipojua, Mkuu ameshasema vifutwe Ijumaa. Mashine imevikataa, yeye hana muda wa mafumbo.”

Akamkabidhi barua. Meli yenyewe ilikuwa inafunga gatini kesho yake, mara ya kwanza kurudi katika bandari ile. Barua ilimshukuru afisa wa pili wa meli, ambaye ndiye mpimaji, kwa ushirikiano wake, ikamtaka asimamishe upimaji na arudishe vifaa. Sababu ilikuwa imeandikwa hapo chini kwa herufi nene: uzembe wa mpimaji.

Bwana Hewa aliuliza meli inaitwaje. Alitajiwa. Alikuwa anaijua. Ndiyo ile iliyoondoka saa tisa.

*

Kesho yake akapanda. Ngazi za meli ile zilikuwa ndefu, na magoti yake yalizihesabu moja moja: ngazi ya nje, halafu korido yenye harufu ya rangi mbichi, halafu ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi ya sita, ndipo mlango wa chumba cha usukani. Sanduku alilibeba wima kifuani kama mtoto mchanga, maana barometa ukiilaza imekasirika.

Afisa wa pili alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa kijana mwembamba miaka mitatu iliyopita. Sasa ndevu zilishaota mvi mbili tatu, na kicheko kilikuwa kilekile.

“Mzee, nilidhani umestaafu. Nimekuwekea mzigo wako.”

Mzigo ulikuwa madaftari kumi na mawili, yamefungwa kwa kamba, kila moja limevalishwa jalada la karatasi ya ramani ya zamani. Afisa alieleza kwamba bandari nyingine hakuna aliyepanda kumkagua. Walimgongea mhuri hukohuko chini na kumwambia aendelee. Akaendelea. Alipima akiwa na homa. Alipima meli ikiwa imelala ubavu hata kalamu inakimbia mezani. Usiku wa zamu ya mwenzake aliamka kwa kengele ya saa, akapima, akarudi kulala, na mwenzake akawa anamuuliza kama anadaiwa na mawingu. Alisema kwamba siku akizeeka atawaambia wajukuu kuwa katika ile picha kubwa ya hewa ya dunia kuna vitone elfu nne vya babu yao.

Barua ilikuwa mfukoni mwa shati la Bwana Hewa. Ilimchoma kama kipande cha mkaa. Hakuitoa. Alisema atazame kifaa kwanza.

Alifungua sanduku, akaweka barometa yake mezani kando ya ile ya meli, akangoja robo saa ili zizoeane, kama alivyofundishwa. Chumba kilikuwa kimya. Vioo vyake vilitazama bandari yote kutoka juu: winchi, mabati ya maghala, watu wadogo kama chawa wa vitambaa. Akasoma ya kwanza, akasoma ya pili. Zilikuwa sawa hadi nukta ya mwisho. Akarudia. Sawa.

Basi barometa ilikuwa nzima na mpimaji hakuwa mzembe. Kosa lilikuwa wapi?

Ndipo akaiona kadi. Chini ya barometa ya kila meli hubandikwa kadi ndogo. Hewa ya juu ni nyepesi kuliko ya usawa wa maji, kwa hiyo afisa akishasoma barometa huongeza kiasi kilichoandikwa kwenye kadi, kutegemea kimo cha chumba cha usukani, ndipo anatuma. Meli fupi huongeza kidogo, meli ndefu huongeza zaidi. Kadi hii ilisema: ongeza moja nukta saba. Mwandiko ulikuwa wa kwake mwenyewe, ile saba yake yenye mkanda kiunoni. Tarehe ilikuwa siku ya shuka safi.

Moja nukta saba ni ya meli yenye kimo cha mita kumi na nne. Magoti yake yalikuwa yameshamwambia kwamba hii ina ishirini na nne. Ilipaswa kuwa mbili nukta tisa.

Alikumbuka kidogo kidogo, kama mtu anayeona kitu chini ya maji yanayotulia. Asubuhi ile alishakagua meli fupi, iliyobeba mbao na mbolea. Halafu varanda, halafu Mkuu anayetembea. Halafu amesimama hapa hapa, kalamu mkononi, na kichwani mwake hakuna meli yoyote. Kuna kitanda namba kumi na saba, wodi ya wanawake. Mkono ukaandika namba ya asubuhi. Afisa, kijana mtiifu, akaongeza moja nukta saba mara elfu nne, kwa uaminifu wote, kwa sababu mzee wa bandari ndiye aliyeandika.

“Kuna nini, mzee?” afisa aliuliza. “Umebadilika rangi.”

Alijibu kwamba ni ngazi. Aliomba madaftari, akasema atarudi kabla hawajaondoka Alhamisi. Barua ilishuka naye ghorofa zote sita.

*

Jioni aliyatandaza madaftari juu ya cherehani iliyofunikwa kitambaa. Alikuwa na akili ya mtu anayetafuta njia ya kutokea. Alijiambia kwamba hili nalo ni la Mkuu. Nani alimlazimisha mtu mwenye mgonjwa anayekata roho akashike kalamu? Basi abebe mwenyewe. Yeye anyamaze tu hadi Ijumaa, vipimo vifutwe, kadi aibandue kimyakimya, na aliyeanzisha maneno ayamalize. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Kitu pekee alichobaki nacho ni zile ngazi, na zile korido zenye harufu ya rangi, na kule juu kutazama.

Akafungua daftari la kwanza. Alikusudia kuangalia namba tu, lakini macho yakateleza hadi safu ya mwisho, na hapo miaka mitatu ikamwagika yote kwa mpigo. Nyangumi wawili upande wa kushoto, wametusindikiza hadi giza. Mvua inanyesha upande mmoja wa meli, upande wa pili jua. Mpishi anasema anasikia harufu ya nchi kavu, ramani inasema siku sita bado. Nyota zimejaa majini, sijui ipi juu ipi chini. Upepo umekufa. Upepo umefufuka.

Alisoma kwa sauti bila kujua anasoma kwa sauti. Chumba kikapanuka. Ukuta wa mashariki uliondoka, akaona maji yanayopumua polepole, na meli inapita juu yake, na nyuma ya meli bonde lile la samawati, refu, laini, linaifuata kama mtoto aliyeshika khanga ya mama yake. Na kwa mara ya kwanza akajua ni nini. Ilikuwa siku ile. Siku ile haikuishia hospitali. Ilitoka bandarini ikiwa imebandikwa ukutani kwa gundi, ikazunguka dunia, na popote ilipofika ilibonyeza hewa kidogo, milibari moja nukta mbili, hata mashine za watu wasiomjua mkewe zikaona kwamba hapa kuna kitu kimepungua.

Akaona kama ni haki. Dunia yote nayo ibonyee. Iache ibonyee.

Alikaa na wazo hilo muda mrefu, likawa tamu. Lakini daftari lilikuwa bado wazi mbele yake, na kwenye mstari wa mwisho wa ukurasa afisa alikuwa ameandika: nina homa, mkono unatetemeka, lakini nimesoma mara mbili kuhakikisha. Alirudia sentensi hiyo kama mara tatu. Kijana huyu alisoma mara mbili kuhakikisha, tena akiwa na homa. Na sasa angeitwa mzembe, kwa barua, na watu ambao hawajawahi kupanda ngazi.

Angeweza kuwachukia wakubwa bila kumgusa kijana? Alijaribu kuitafuta njia hiyo kila upande. Haikuwepo.

*

Jumatano asubuhi alimkuta Mkuu mle mle chumba cha kompyuta, amesimama nyuma ya binti, kikombe mkononi. Bwana Hewa aliweka madaftari mezani, juu yake akaweka barua, haijakabidhiwa.

Aliwaeleza yote kwa utaratibu, mita kumi na nne na mita ishirini na nne, kadi na tarehe. Binti alianza kutabasamu kabla hajamaliza, tabasamu la mtu aliyeonyeshwa mlango ukutani; kisha akamtazama mzee usoni, akaacha.

Mkuu hakufurahi. Alisema jambo hilo ni zito. Likiandikwa kwamba mkaguzi wa ofisi ndiye aliyekosea, makao makuu watauliza maswali, watataka kukagua kadi zote za miaka yote. Meli moja ni nini? Afisa yule hatajua kosa ni la nani, ataenda zake. Akashusha sauti kabisa, akawa kama ndugu: mzee amebakiza miaka miwili, anaharibu jina la nini. Na jambo la kusikitisha ni kwamba likiandikwa hivyo, yeye kama Mkuu hatakuwa na namna, itabidi amwondoe kwenye ukaguzi wa meli, amweke stoo.

“Tarehe hiyo nilikuomba ruhusa,” Bwana Hewa alisema.

“Kwenye faili lako hakuna ombi lolote la tarehe hiyo.”

“Nilikuomba kwenye varanda. Ulikuwa unatembea.”

Mkuu alitazama kikombe chake. Alisema hakumbuki, na pengine kweli hakukumbuka. Hilo ndilo lililomuuma Bwana Hewa kuliko uongo wowote. Miaka mitatu alikuwa amelibeba neno la mtu huyu kama jiwe kiatuni, na mwenyewe aliliangusha njiani bila kugeuka.

Hasira ilipanda, ikafika shingoni, ikakosa pa kukaa. Akamgeukia binti.

“Andika, mwanangu. Sababu: mkaguzi wa bandari aliandika kimo cha meli nyingine. Kiasi: moja nukta mbili. Kuanzia,” akataja tarehe. Alikuwa hajaitamka kwa kinywa chake tangu mazishi. “Mahali pa sahihi ni wapi?”

Binti alimtazama Mkuu. Mkuu alisema haya, mtajua wenyewe, akatoka, na viatu vyake vikasikika kwenye varanda hadi mwisho, mwendo uleule. Bwana Hewa alitia sahihi, herufi kubwa za darasa la tano, akakandamiza hadi karatasi ya chini ikapokea.

Kilichofuata hakikuchukua hata dakika. Binti alibonyeza, ramani ikatetemeka, na rangi ya samawati ikaanza kufifia kutoka ncha moja hadi nyingine. Rasi ikapona. Visiwa vikapona. Bonde likajaa taratibu kama nyayo mchangani maji yanapopanda, na mahali lilipokuwa pakabaki bahari tu, ya rangi ya maziwa, sawa na kwingine kote. Karibu Bwana Hewa aseme simamisha. Hakusema. Aliangalia mpaka ikaisha.

Binti alisema vyote vimekubali, elfu nne na mia tatu na themanini na moja, hakuna hata kimoja kilichotupwa. Akaichukua barua mezani, akaichana mara mbili.

Mzee aliuliza kama anaweza kuonyeshwa cha kwanza. Kipimo cha kwanza kabisa, jioni ya siku ile ile, saa kumi na mbili, meli ikiwa imeondoka saa tatu tu. Saa hiyo yeye alikuwa kwenye benchi la hospitali akisubiri karatasi ya kuchukulia mwili, na katika miaka yote hii, akijaribu kulikumbuka benchi lile, aliona saruji na miguu yake mwenyewe, basi.

Binti alitafuta, akamsomea polepole. Mgandamizo wa hewa, ulioandikwa ni elfu moja na tisa nukta tatu. Uliosahihishwa, elfu moja na kumi nukta tano. Upepo mdogo kutoka kusini. Bahari shwari. Halafu akafungua daftari la kwanza lililokuwa mezani, akalinganisha, akafika safu ya mwisho.

“Ameandika, mvua nyepesi sana juu ya mji tuliouacha. Tunaiona kutoka huku, ina mwanga ndani yake.”



“Sikujua kama ilinyesha,” Bwana Hewa alisema.

Alimwomba arudie. Binti akarudia, na mzee akafumba macho, akiwa mbali, upande wa maji, akiutazama ule mji.